Bahari ilikataa sabuni yangu

Desemba iliyopita nilikuwa nimechuchumaa ufuoni Mambrui, maji yananifika kwa vifundo vya miguu, nasugua leso ya shangazi na kipande cha sabuni nilichopika mwenyewe kwangu Umoja, Nairobi, na hakuna povu. Nikaongeza sabuni. Hakuna. Kilichokuja ni vitu vyeupe vyeupe kama maziwa yaliyokatika, vinanata kwa leso, vinanata kwa vidole, ukisuuza haviendi. Tangi ya shangazi ilikuwa imekauka siku ya pili, mwenye bauza hashiki simu, nami na akili zangu za Nairobi nikaona si kuna maji hapa mpaka Uhindi, ya nini kusumbuka.

Shangazi alikuwa amekaa chini ya mnazi ananitazama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo sabuni ya bara, mwanangu. Huku ufulie ya nazi."

Sawa, lakini kilichoniuma si kucheka. Hatua mbili kutoka pale wimbi lilikuja, likarudi, likaacha povu. Povu zito, rangi yake kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa, limekaa kwa mchanga linatetemeka na upepo na halifi. Mimi ndo mtu wa sabuni, nina mitungi, nina wateja wa kuosha magari na wa saluni na mama mmoja wa kibanda cha chapati ambaye hulipa tarehe tano bila kukumbushwa, na bahari imekataa sabuni yangu halafu inatoa povu lake mbele ya macho yangu. Nikajiuliza, kwani nani anaipa bahari sabuni?

Nimekaa na hilo swali tangu siku hiyo na ndo nimekuja kuliandika hapa, kwa hivyo kama ulikuja kutafuta bei ya mtungi wa lita 20 rudi kwa posti ya juzi.

Tuanze na aibu yangu kwanza. Molekuli ya sabuni ni kitu kimoja chenye tabia mbili: kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa mafuta unaoyachukia. Ndo maana inashika uchafu wa mafuta kwa mkia na kuuvuta ndani ya maji kwa kichwa. Sasa, sabuni ya kipande, ile ya kupika mafuta na kostiki, kichwa chake kina udhaifu mmoja, kikikutana na kalsiamu au magnesiamu kinashikwa. Kalsiamu moja inakamata vichwa viwili, vinafungwa pamoja kama watu wawili kwa pingu moja, na kitu kizima kinaacha kuyeyuka, kinakuwa yale mabonge meupe. Lita moja ya maji ya bahari ina kama miligramu 400 za kalsiamu na karibu 1,300 za magnesiamu. Kipande changu kilikuwa cha mawese na mafuta ya ng'ombe, mikia mirefu, hakikuwa na nafasi. Ya nazi ina mikia mifupi zaidi, inayeyuka kwa urahisi, ndo maana zamani mabaharia walibeba sabuni ya mafuta ya nazi kwa meli ili waoge na maji ya chumvi. Shangazi hakusoma kemia popote lakini jibu alikuwa nalo.

Ningebeba ile yangu ya maji ingekuwa hadithi tofauti, juu ungarol, ile malighafi yake ya kutoa povu, kichwa chake ni cha salfeti, hakishikwi kirahisi hivo. Ingawa na chumvi pia tuna historia. Wanaotengeneza sabuni ya maji wanajua ile hatua ya kuongeza chumvi ili iwe nzito, unakoroga unaona inashika, inashika, na mtu mwenye tamaa anaongeza tena kidogo ili kastoma aone ni nzito kabisa, na ghafla inageuka maji. Nilipoteza mtungi mzima hivo mwaka wangu wa kwanza. Kuna kipimo, ukikipita chumvi inaanza kuharibu ilichojenga, na kuirudisha si rahisi, mimi niliishia kuoshea nayo choo miezi mitatu.

Haya. Sabuni ya bahari.

Inatengenezwa na mimea midogo ambayo macho hayaioni, planktoni, inayoelea juu pale jua linapofika. Hii mimea ndo hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, yaani pumzi moja kati ya mbili unayovuta ukiwa umesimama stejini pale Odeon ina deni kwa bahari. Na ni mimea inayovuja. Inatengeneza sukari kuliko inavyoweza kutumia, ya ziada inaitema nje. Halafu virusi vinaipasua, vidudu vinavyoila vinaila ovyo kama mtoto na ndizi, nusu inaanguka, na kila kitu kilichokuwa ndani ya seli kinamwagika majini: sukari ndefu ndefu, protini, mafuta, vipande vya utando wa seli. Wataalamu wanaita yote hayo mata ogania, mimi nitasema tu mabaki ya viumbe. Na mengi kati ya hayo yana ile ile tabia mbili ya sabuni, upande mmoja unapenda maji na mwingine hautaki.

Usidhani ni mengi ukiangalia mtungi mmoja. Chukua mtungi wa lita 20 wa maji ya bahari ya juu, chumvi ndani yake ni kama gramu 700, pakiti moja na ushee ya dukani. Kaboni ya mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka humo ndani ni kama miligramu 15 au 20. Tembe moja ya parasetamoli ina dawa miligramu 500, sasa igawanye mara 30 hivi, ndo hicho kipande. Lakini bahari ni kubwa, ukijumlisha yote inafika kama tani bilioni 660 za kaboni, kiasi kinachokaribiana na kaboni yote iliyo hewani kama kaboni dioksaidi. Hapo ndo nilirudia kusoma mara mbili. Kama robo tatu ya kaboni ya hewa nzima, imeyeyuka mle ndani, na haionekani.

Na haikai sawasawa. Wimbi likivunjika linazamisha hewa, hewa inakuwa viputo, viputo vinapanda. Kila molekuli yenye mkia unaochukia maji ikikutana na kiputo inaingiza mkia ndani ya hewa na kung'ang'ania. Kwa hivyo kila kiputo ni matatu inayopanda, inabeba yeyote anayesimamisha, na terminasi ni moja tu, juu. Wakifika wanashuka, wanabaki pale, mikia hewani, vichwa majini, wamebanana. Saa zote, mchana na usiku.

Kinachotokea pale juu ni ngozi. Utando. Unene wake hutegemea unapima vipi, ila uko chini ya milimita 1 na wengi huchukua kama maikromita 50, nusu ya unene wa karatasi ya printa. Sasa tandaza hiyo nusu karatasi juu ya asilimia 71 ya dunia. Ni ngozi ile ile, haikatiki, na haiondoki kirahisi, upepo ukiichana inajishona tena kwa sababu matatu hazijaacha kupanda. Wameipima hata na upepo wa mita 8 au 10 kwa sekunde ambao kwa mvuvi si mchezo.

Zamani watu walidhani ni mafuta tu, tabaka moja la mafuta kama lile la supu. Siku hizi inaonekana ni kama jeli. Zile sukari ndefu zinazotemwa na planktoni zina vichwa vya asidi pembeni pembeni, na kalsiamu, ile ile kalsiamu iliyoniharibia leso ya shangazi, inashika kichwa cha uzi huu na kichwa cha uzi ule na kuvifunga pamoja, nyuzi kwa nyuzi kwa nyuzi, mpaka inakuwa wavu mlaini usioonekana. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu jikoni. Pingu zile zile! Kwangu zimeua sabuni, kwa bahari ndo zinashona ngozi. Na ndani ya huo wavu kuna bakteria wanaishi, kuna mayai ya samaki yanayoelea, na huko katikati ya bahari kuna wadudu wa Halobates wanaotembea juu kabisa kama wale wa dimbwini, ndo wadudu pekee wanaoishi bahari kuu, aina 5 tu. Mdudu anazaliwa anazeeka hajawahi kuona nchi kavu. Mimi Umoja nikikosa maji wiki moja nalia.

Turudi Mambrui. Siku ya pili yake niliamka alfajiri, kaskazi haijaanza kuvuma, nikamkuta babu mmoja jirani ya shangazi anashona wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje? Nasikia jana umefua na bahari."

Ufuo mzima ulikuwa umeshasikia. Nikakaa. Bahari ilikuwa na vijiwimbi vidogo vidogo, ile mikunjo kama kitambaa cha krepu, lakini kati yake kulikuwa na mistari mirefu laini, inang'aa kama kioo, inaanzia karibu na mdomo wa Sabaki na kwenda mbali. Nikamuuliza ile ni nini. Hakuinua hata kichwa.

"Hapo maji yamelala."

Nikamuuliza yamelala kwa nini, akasema asubuhi yakilala hivo kuna taka taka humo, majani, povu, na samaki wadogo hupenda kukaa chini yake, basi. Kwake hilo lilikuwa limeisha. Kwangu ndo lilikuwa linaanza, juu nilijua nikiangalia ule mstari naangalia ile ngozi kwa macho yangu, mahali imebanana zaidi. Maji ya bahari yanazunguka chini kwa chini, upepo unayasokota kama kamba ndefu zinazolala ubavu kwa ubavu, na pale kamba mbili zinapokutana kila kinachoelea kinasukumwa pamoja. Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani, aliona hivo mwaka 1927 akivuka Atlantiki, mwani umejipanga mistari, akaenda kuchunguza na akachapisha 1938.

Na kwa nini yanalala? Kijiwimbi kidogo kikipita, uso wa maji unavutwa mahali na kubanwa mahali. Pakivutwa, molekuli za mabaki zinakuwa chache, maji ya hapo yanakuwa na nguvu zaidi ya kujivuta. Pakibanwa zinasongamana, nguvu inapungua. Uso unaanza kujivuta wenyewe kutoka pale penye nyingi kwenda penye chache, kinyume na kijiwimbi, na kijiwimbi kinakufa kwa uchovu. Ukitaka kuiona hiyo nguvu nyunyiza pilipili manga kwa karai la maji, dondosha tone moja la sabuni ya vyombo katikati, pilipili itakimbilia ukingoni kama wauzaji wakiona kanjo.

Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa siasa na sayansi, aliliona hili kwa njia ambayo inanifurahisha sana. Mwaka 1757 alikuwa kwenye msafara wa meli nyingi, akaona nyuma ya meli mbili maji yako laini na nyuma ya nyingine zote yamechafuka. Akamuuliza kapteni. Kapteni akamjibu kama mtu anayemjibu mjinga, kwamba wapishi watakuwa wamemwaga maji yao ya mafuta. Maji ya vyombo! Miaka ikapita, akaenda kwenye bwawa la Clapham, London, akamwaga mafuta kama kijiko cha chai, na yakatanda mpaka karibu nusu eka ikawa laini kama kioo, akayaandika hayo 1774. Nusu eka kwa lugha yetu ni ploti nne na kitu za hamsini kwa mia. Fanya hesabu ambayo yeye hakuifanya: mililita 5 kugawa kwa mita za mraba 2,000, unapata unene wa nanomita 2 na nusu. Huo ni urefu wa molekuli moja. Alikuwa ameipima molekuli kwa kijiko na hakujua.

Lakini mtu wangu kwa hii hadithi yote si Franklin. Ni Agnes Pockels. Alizaliwa 1862, akaishi Braunschweig, Ujerumani, alipenda sayansi tangu shule ila vyuo vikuu wakati huo havikuwa vinachukua wasichana, kwa hivyo akabaki nyumbani kuangalia wazazi wagonjwa, kupika, kuosha vyombo. Na pale kwa maji ya vyombo ndo akaanza kuuliza. Alikuwa na miaka kama 20 hivi. Akatengeneza chombo cha bati, kirefu sentimita 70 na upana sentimita 5, akajaza maji mpaka ukingoni, akalaza kipande cha bati juu kwa upana. Ukikisogeza hicho kipande unasukuma uchafu wote wa juu upande mmoja, unabaki na uso safi upande wa pili. Ukikirudisha unaubana. Kisha akatundika kitufe kwa mzani mdogo, kikigusa uso wa maji, akapima ni nguvu kiasi gani inahitajika kukibandua. Kitufe. Kama hicho cha shati.

Alifanya hivyo miaka bila mtu wa kumwambia. Januari 1891 akamwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza, ambaye alikuwa anachunguza mambo hayo hayo, na huyo mzee kwa heshima yake akaipeleka ile barua kwa jarida la Nature, ikachapishwa Machi 1891. Langmuir akaja akajenga juu ya hicho chombo, akapata Nobeli ya kemia 1932, na mwaka huo huo Pockels, akiwa na miaka 70, chuo cha mjini kwao kikampa udaktari wa heshima. Sina uchungu sana na Langmuir, alifanya kazi yake. Lakini kila mtu anayepima ngozi ya bahari leo, kwa mashine ya bei yoyote ile, anasogeza kile kipande cha bati cha jikoni. Nimebandika jina lake kwa ukuta juu ya pipa la kukorogea. Msichana anayenisaidia kufunga chupa alidhani ni dawa mpya.

Basi nikaamua na mimi nichukue sampuli. Wenyewe hutumia njia kadhaa, moja ni wavu wa waya ambao Garrett wa maabara ya jeshi la majini la Marekani alieleza 1965, unaulaza juu unauinua na maji yananing'inia kwa matundu. Nyingine ni kioo, kioo tu cha kawaida, unakizamisha wima, unakitoa polepole sana, ngozi inaganda pande zote mbili, halafu unaifyonza na mpira wa waipa kama mtu wa kuosha vioo vya gari pale kwa taa. Hiyo naiweza. Shangazi alikuwa na fremu ya picha iliyovunjika mguu, kioo sentimita 20 kwa 25. Nikachomoa, nikakiosha vizuri mara nne, nikamwomba kijana mwenye pikipiki mpira wa waipa ya zamani, nikaazima chupa ya soda, nikaomba babu anipeleke kwa mtumbwi mpaka pale maji yalipolala.

Babu alikubali bila kuuliza, nadhani alishaamua mimi ni mtu wa namna gani.

Ni kazi ya upole na ya kuchosha. Unazamisha, unatoa kwa mwendo wa konokono, kama sentimita 5 kwa sekunde, ukiharakisha unabeba maji ya chini, ukisita ngozi inateremka. Unaona kabisa kioo kikitoka kina kitu, maji hayakatiki matone matone, yanashuka kama shuka, na pembeni kuna rangi rangi hafifu. Unafuta upande huu, unafuta upande ule, inaingia chupani. Mililita 5 kwa mara moja ukibahatika. Chupa ni mililita 300. Nilizamisha kile kioo mara 60 na kitu, mgongo unaniuma, jua limeshapanda, na babu amekaa nyuma ya mtumbwi anatafuna tambuu anatazama upande mwingine kwa adabu. Mwishoni akauliza, "Sasa hayo ni dawa?" Nikasema hapana babu, ni ngozi ya bahari. Akafikiri kidogo. "Na wamuacha wazi hivyo, haoni baridi?" Alikuwa ananicheka lakini nilipenda.

Kwa nini mtu mzima asumbuke na hii ngozi? Kwa sababu kila kitu kinachotoka hewani kuingia baharini, au kutoka baharini kwenda hewani, lazima kipite hapo, hakuna mlango wa nyuma. Bahari humeza kama robo ya kaboni dioksaidi tunayotoa binadamu kwa magari na viwanda na kuchoma. Ngozi ikiwa nene, vijiwimbi vinakufa, na maji ya juu kabisa yanaacha kujikoroga, kwa hivyo gesi inabaki imesimama mlangoni. Utafiti mmoja wa Atlantiki uliotoka 2018 ulipima maji yenye mabaki hayo ya asili na kukuta kasi ya gesi kupita inapungua kutoka asilimia 2 hadi 32 kulingana na mahali. Asilimia 32 si mchezo, na ni kwa kitu ambacho ni nusu karatasi. Watu tunaongea kuhusu matumbawe na nyangumi, na ni sawa, wanapendeza kwa picha. Ngozi haina picha.

Halafu kuna kupasuka. Kiputo kikifika juu kinapasuka, utando wake unachanika vipande vidogo vidogo vinavyoruka hewani, na kutoka kwa shimo linalobaki kinarushwa kijitone kama risasi. Vinabeba chumvi, na vinabeba ngozi. Mwaka 2004 zilitoka takwimu za hewa ya Mace Head, magharibi mwa Ireland, zikionyesha kwamba majira planktoni imechanua, zaidi ya nusu ya uzito wa vile vichembe vidogo kabisa vinavyotoka baharini si chumvi, ni mabaki ya viumbe. Na mvuke wa mawingu hauwezi kuwa tone bila kupata kichembe cha kushikilia. Sasa mvua yetu ya masika inakuja na upepo wa Bahari ya Hindi. Sisemi kila tone lililokuloesha ukikimbia kutoka Archives mpaka Ambassadeur lina kipande cha planktoni wa Lamu katikati. Nasema tu mimi sasa nikinyeshewa huwa nalifikiria hilo, na haisaidii viatu.

Mambo mengine nitayapita haraka: jua linaivunja vunja ngozi na kutoa gesi mpya, ozoni ya hewani inaila mikia ya mafuta na pia inakutana na iodini pale juu na kuitoa hewani, na vitu vichafu vinavyopenda mafuta, dawa za wadudu, petroli, vyote vinapenda kukusanyika hapo hapo ambapo mayai ya samaki yanaelea.

Ambalo linanirudisha Nairobi, na kwa ukweli linanisumbua. Mimi namwaga maji ya kuoshea mapipa kwa mtaro nyuma ya ploti. Mtaro unaenda mto, na mto Nairobi, ule unaoanzia bwawa la Ondiri kule Kikuyu ukiwa msafi na kupita hapa kati ukiwa hautazamiki, unaingia Athi. Athi inapita Fourteen Falls ambako watu huenda kupiga picha na povu wakidhani ni maporomoko tu. Inashuka Tsavo, inabadilisha jina inaitwa Galana, inabadilisha tena inaitwa Sabaki, na inamwagika baharini wapi? Mambrui. Pale pale. Ule mstari wa maji yaliyolala ulikuwa unaanzia mdomo wa mto ambao mkia wake uko nyuma ya nyumba yangu.

Nilipounganisha hayo nilikosa usingizi siku mbili, nikaanza kupiga hesabu za mitungi niliyouza tangu nianze. Kisha nikatulia kidogo, juu ungarol ni chakula cha bakteria, mto wenye hewa ya kutosha huimaliza kwa siku chache na safari ni ndefu. Nikatulia, sikufurahi. Mto wenye hewa ya kutosha nimesema, na huu wetu unaujua. Na mafuta meusi ya gereji hayana adabu ya ungarol. Sijabadilisha kitu kikubwa bado, nimechimba tu shimo la kokoto la kuchujia na nimeacha kuweka rangi ile ya buluu, ambayo ilikuwa ya kupendeza macho tu, na nimepoteza wateja wawili waliosema sabuni imechujuka.

Ile chupa ya soda nilirudi nayo Nairobi kwa basi la usiku, nimeifunga na nailoni na kuikumbatia kama mtoto. Nilikuwa na mpango mkubwa, nitengeneze chombo cha Pockels kwa bati la mafundi wa Gikomba, nitafute kitufe. Nikaiweka juu ya kabati, ikaja mwaka mpya, zikaja oda, nikasahau. Ilikaa karibu mwezi. Bakteria wakamaliza hewa iliyokuwa ndani, wakahamia kwa salfeti ya maji ya chumvi, ambayo imejaa tele, na wakila salfeti wanatoa ile gesi ya mayai yaliyooza. Siku moja narudi kutoka kupeleka mzigo Buruburu naona madirisha yote yako wazi na yule msichana amefunga leso puani.

"Anti, ile soda yako iliharibika. Nimemwaga."

"Umemwaga wapi?"

Akanionyesha na kidole, kwa mtaro.